Mtoto Mdogo Mbele ya Viumbe: Kufundisha Sayansi Katika Nyumba ya Mkristo

Mtoto wa miaka minne au mitano huuliza maswali mengi kuliko mwanafunzi wa chuo. Kwa nini mwezi unatufuata tunapotembea? Mvua inatoka wapi? Kwa nini kuku ana mabawa lakini haruki mbali? Katika nyumba nyingi za Wakristo, zikiwamo nyumba za watumishi wa Kanisa, maswali hayo yote hupata jibu moja: Mungu ameumba hivyo. Jibu hilo ni la kweli. Lakini mara nyingi hutolewa ili kumnyamazisha mtoto, si kumfundisha, naye mtoto hulitambua jambo hilo upesi kuliko tunavyodhani. Makala hii inakusudia kueleza jinsi elimu ya viumbe inavyoweza kufundishwa nyumbani kwa mtoto ambaye hajaanza shule, au ambaye ndiyo kwanza ameanza, na kwa nini jambo hilo linamhusu mchungaji na mwanafunzi wa theolojia, wala si mwalimu wa sayansi peke yake.

Yafaa kwanza tuweke wazi maana ya kufundisha nyumbani. Katika nchi ya Marekani wako wazazi wasiowapeleka watoto wao shuleni kabisa, bali huwafundisha masomo yote wenyewe. Hadi mwaka 1993 majimbo yote 50 ya nchi hiyo yalikuwa yamekwisha kuliruhusu jambo hilo kisheria. Ujerumani, nchi ya Luther, hairuhusu, na wazazi waliopeleka shauri lao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walishindwa mwaka 2006. Hapa Tanzania Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Luther mwenyewe hakutaka nyumba ichukue mahali pa shule: mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule, na mwaka 1530 akaandika tena kuwasihi wazazi wasiwaondoe watoto wao humo. Kwa hiyo hatuzungumzii kuikimbia shule. Tunazungumzia ile miaka sita ya kwanza ambayo mtoto yu mikononi mwa mama, baba, bibi na dada wakubwa, pamoja na jioni na siku za likizo zinazofuata baadaye.

MAMA ALIYEMTOA MTOTO NJE

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya Kilutheri. Nyumba yao haikuwa ya wasomi. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa aliyeiacha familia mara kwa mara. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, naye alijua dawa za mitishamba. Hata hivyo mambo mawili ya utoto wake Kepler aliyakumbuka akiwa mtu mzima. Mwaka 1577, kabla hajatimiza miaka sita, mama yake alimpeleka mahali palipoinuka ili aitazame nyota yenye mkia iliyokuwa ikionekana Ulaya nzima. Na mwaka 1580 aliitwa nje usiku autazame mwezi ukipatwa, akaona umekuwa mwekundu.

Tuangalie mama huyu alifanya nini hasa. Hakumweleza mtoto wake asili ya nyota yenye mkia, kwa sababu hakuna mtu aliyeijua kwa hakika wakati huo. Ni katika mwaka uleule wa 1577 ndipo Tycho Brahe, huko Denmark, alipoipima nyota ileile na kuonyesha kwamba ilikuwa mbali kuliko mwezi, kinyume cha mafundisho yaliyopokewa tangu zama za Wayunani. Katharina hakuwa na vyombo vya kupimia wala vitabu. Alichofanya ni kumshika mtoto mkono, kutoka nje ya nyumba, kupanda kilima, na kunyosha kidole. Tena mtoto mwenyewe alikuwa na macho mabovu, kwa kuwa ndui ilimpata utotoni ikamharibu uwezo wa kuona.

Mtoto huyo alikua akaenda Tübingen mwaka 1589 kusoma theolojia kwa nia ya kuwa mchungaji. Hakufika madhabahuni, mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu. Baada ya muda alimwandikia mwalimu wake wa zamani kwamba hapo kwanza alisikitika kuukosa utumishi wa theolojia, lakini sasa anaona jinsi Mungu anavyotukuzwa hata kwa elimu ya nyota. Kwa vipimo vya Tycho Brahe aligundua kwamba sayari huzunguka jua katika njia ya duaradufu, si ya duara kamili, akayachapisha hayo mwaka 1609. (Wanafunzi wa historia ya Kanisa watakumbuka pia kwamba mchungaji wa Linz alimnyima Chakula cha Bwana mwaka 1612, kwa sababu hakukubali kutia sahihi Fomula ya Mapatano bila kueleza shaka yake juu ya kuwapo kwa mwili wa Kristo kila mahali. Si ukurasa wa kujivunia katika historia yetu.)

Sehemu ya mwisho ya habari hii haisimuliwi mara nyingi, nayo ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1615 yule mama aliyemtoa mtoto nje kutazama nyota alishtakiwa kuwa mchawi. Jirani yake mmoja alidai kwamba kinywaji alichopewa na Katharina kilimtia ugonjwa. Wengine wakafuata: huyu mnyama wake alikufa, yule alipatwa na maumivu ya mguu. Mwezi wa Agosti 1620 Katharina, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikamatwa na kufungwa minyororo. Alikaa gerezani miezi 14. Mwanawe aliacha kazi zake Linz, akasafiri hadi Württemberg, akashiriki kuandika utetezi wake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa ya namna moja tangu mwanzo hadi mwisho: kila ugonjwa uliotajwa aliutafutia chanzo chake cha kawaida. Mwalimu wa shule aliyesema amelemazwa na mama huyo, kwa mfano, alikuwa amejiumiza mwenyewe aliporuka mtaro. Katharina alitishwa kwa vyombo vya mateso, akakataa kukiri. Aliachiliwa mwezi wa Oktoba 1621, akafariki mwaka uliofuata.

Hatuwezi kusema kwamba nyota ya mwaka 1577 ndiyo iliyomwokoa mama mwaka 1621. Hilo lingekuwa hubiri rahisi mno. Lakini akili inayouliza, "Jambo hili limetokana na nini, na tumejuaje?" ni ileile, iwe inaelekezwa kwa nyota au kwa mguu wa mwalimu. Akili hiyo haianzi chuoni. Ikiwa mtoto hakuizoea nyumbani, shule ina kazi kubwa kumpa.

MACHO NA MASIKIO KATIKA KATEKISIMO

Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa baada ya Luther kuzikagua sharika za Saksonia na kuona jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi. Vichwa vya sehemu zake kuu vinamtaja mwenye nyumba kuwa ndiye mwalimu wa watu wa nyumbani mwake. Sisi tumezoea kukiona kitabu hiki kama kitabu cha kipaimara, nacho kilikuwa kwanza kitabu cha mezani. Tena katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, Luther anapotaja zile zawadi alizopewa na Muumba, anataja macho, masikio, viungo vyote, akili na fahamu, kabla hajafika kwenye mavazi, chakula, nyumba na shamba. Mtoto anayefundishwa kuyakariri hayo lakini hapewi nafasi ya kutumia macho yake juu ya kitu chochote amepata orodha ya zawadi bila zawadi zenyewe.

Tuangalie pia neno la Bwana wetu katika Mathayo 6:28 kuhusu maua ya mashamba. Kitenzi kilichotumika katika Kiyunani ni katamanthanō, nacho hakipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Luka, katika mahali panapolingana na hapo (12:27), anatumia kitenzi kingine. Katamanthanō kina mzizi mmoja na neno mathētēs, yaani mwanafunzi, kikiwa na kiambishi kinachokitia nguvu. Maana yake si kutupia jicho tu, bali kujifunza jambo mpaka kulielewa. Na kile wanachotakiwa wajifunze ni jinsi maua yanavyokua. Wahubiri wengi huruka hapo upesi ili wafike kwenye onyo juu ya masumbufu. Lakini onyo hilo limejengwa juu ya utazamaji: asiyejua jinsi ua linavyokua hana la kumtuliza.

Luther hakuwa mgeni wa namna hiyo ya kutazama. Katika mazungumzo yake ya mezani imehifadhiwa sifa aliyoitoa kwa kokwa la tunda la pichi, jinsi ganda lake gumu linavyofunguka kwa wakati wake kwa ajili ya kiini laini kilichomo ndani. Sisi hatuna haja ya pichi. Kokwa la embe lipo kila uani wakati wa msimu. Kwa baadhi ya aina za embe, kokwa moja hutoa chipukizi mbili au tatu, na mtoto anayelichimbua kuangalia atataka kujua sababu.

Aliyeifanya kazi hii kwa utaratibu kuliko wote katika karne zile ni Johann Amos Comenius (1592–1670), askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa lililo mzazi wa Wamoraviani waliofika nyanda za juu za kusini mwa nchi yetu mwaka 1891. Akiwa mkimbizi huko Leszno, Poland, aliandika kitabu kwa ajili ya akina mama, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1633, juu ya malezi ya mtoto hadi umri wa miaka sita. Katika kitabu hicho anasema kwamba mizizi ya elimu zote huota katika umri huo. Mtoto anayejua maji, udongo, mvua, jiwe na mti ameanza elimu ya viumbe. Anayejua nuru na giza ameanza elimu ya mwanga. Anayejua mlima, bonde, mto na kijiji ameanza jiografia. Mwaka 1658 kikatoka huko Nürnberg kitabu chake cha picha, Orbis Sensualium Pictus, ambamo mtoto huona kitu kabla ya kusoma jina lake. Msingi wa Comenius ni huo: kitu kwanza, jina baadaye, maelezo mwisho. Nyumba zetu, na shule zetu pia, hupenda kuanzia mwisho.

UANI MWA NYUMBA

Basi ifanyikeje? Gharama si kikwazo. Mwingereza Charlotte Mason, aliyechapisha kitabu juu ya elimu ya nyumbani mwaka 1886 na kuanzisha chuo cha walezi huko Ambleside mwaka 1892, aliwataka wazazi wawaache watoto wadogo nje kwa saa nyingi kila siku, wasiwajaze maneno, na kila mtoto awe na daftari la viumbe ambamo huchora alichokiona yeye mwenyewe. Daftari hilo nalipendekeza bila kusita kwa kila nyumba ya mchungaji. Mtoto asiyejua kuandika hueleza kwa mdomo, na mkubwa huandika tarehe na maneno ya mtoto chini ya mchoro. Lakini vitabu vya Mason tusivifuate neno kwa neno. Yeye aliandika kwa nchi yenye theluji na majani yanayopukutika. Sisi tuna masika na vuli, kiangazi na kipupwe.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na mfano wake mzuri ni mwezi. Katika vitabu vya picha vitokavyo Ulaya, mwezi mwandamo husimama wima kama herufi. Kwetu, karibu na Ikweta, hulala kama mashua. Mtoto anayeuchora mwezi kutoka kitabuni atauchora umesimama. Anayeuchora kutoka angani atauchora umelala, naye ndiye aliye sahihi. Mwacheni autazame kila jioni tangu mwandamo hadi mwezi mpevu, achore kila anapoweza, na ataona kwamba kila siku mwezi huchelewa. Hapo amejifunza kitu ambacho hakuna aliyemwambia.

Lile swali la mwezi unaotufuata nalo lina jibu ambalo mtoto anaweza kuliona kwa macho yake. Tembea naye barabarani. Mti ulio karibu hurudi nyuma upesi. Nyumba iliyo mbali kidogo hurudi polepole. Mlima ulio mbali, kama ni Meru au Kilimanjaro au Rungwe, hauonekani kurudi nyuma. Ni kana kwamba unakwenda pamoja nasi. Na mwezi uko mbali kuliko mlima wowote, umbali wa kilomita 384,000 hivi. Mtoto wa miaka mitano haelewi 384,000, wala haidhuru. Ameelewa karibu, mbali na mbali zaidi.

Jua halitazamwi, hilo liwe sheria ya nyumba. Kinachotazamwa ni kivuli. Simika kijiti uani, na kila saa weka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake. Katika Tanzania nzima kivuli cha adhuhuri huelekea kusini mwezi wa Juni na kaskazini mwezi wa Desemba, jambo ambalo mtoto wa Ulaya hawezi kuliona kwao kamwe, kwa maana kivuli chake cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, watu wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia, na kipete chenyewe kilidumu kwa takribani dakika 3. Siku kama hiyo mtoto atumie miwani maalumu, au atazame vijua vidogo vinavyotokea ardhini chini ya mti wenye majani mengi. Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari yoyote kwa macho.

Kwa mimea, maharage hutosha. Weka punje chache kati ya ukuta wa chupa ya kioo na kitambaa chenye unyevu, nyingine zikielekea juu, nyingine chini, nyingine ubavu. Baada ya siku kadhaa mizizi yote hushuka na machipukizi yote hupanda. Ukiigeuza chupa, nayo hugeuka. Usimweleze mtoto chochote siku ile ya kwanza. Mwulize tu anadhani itakuwaje, na maneno yake yaandikwe daftarini yakingoja.

Wadudu ndio wenye mvuto mkubwa, na hapa wazazi wengi husema "Acha uchafu huo!" kwa haraka. Mvua za kwanza zinapoleta kumbikumbi, watoto huwakimbilia ili wale, na wale. Lakini waonyeshwe pia kwamba kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa waliotoka kuanzisha makao mapya, na kwamba mabawa hukatika wenyewe baada ya kutua. Mchwa, ingawa wengi huwaita ndugu wa chungu, kwa asili wako karibu zaidi na mende. Chungu hupitia hali ya buu na ya bundo kabla ya kukomaa. Mchwa hawapitii hali ya bundo, na wadogo wao hufanana na wakubwa. Mithali 6:6 inamtuma mvivu kwa chungu. Mtoto aliyewachunguza chungu wenyewe atalisikia fungu hilo vizuri zaidi.

Ningependa kukaa zaidi juu ya mbu, kwa sababu hapa elimu ya viumbe ni jambo la uhai na mauti. Chota maji yaliyotuama kwenye kopo au tairi kuukuu, yatie katika chupa ya kioo, funika kinywa chake kwa kitambaa cha wavu na kukifunga imara. Viluwiluwi vitaonekana vikipanda na kushuka kuvuta hewa. Vile vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi, mbu aenezaye malaria. Vile vinavyoning'inia kichwa chini ni vya jamii nyingine, kama wale wanaotusumbua usiku majumbani mwetu mijini. Katika joto letu, tangu yai hadi mbu kamili si zaidi ya wiki mbili hivi. Kabla mbu hawajatoka, mimina maji yote juu ya udongo mkavu, na mtoto aone viluwiluwi vinavyokufa. Mtoto aliyeyaona hayo atazunguka uani mwenyewe akimwaga maji kwenye vifuu. Ronald Ross alivigundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado wako watu wazima katika sharika zetu wanaodhani homa hiyo huletwa na kunyeshewa mvua au kula maembe mabichi.

JIBU NA UNGAMO

Sasa turudi kwenye lile jibu la "Mungu ameumba hivyo". Kosa lake si kwamba linamtaja Mungu, bali kwamba linajibu swali ambalo mtoto hakuuliza. Mtoto alitaka kujua kwa njia gani. Sisi tukamjibu ni nani. Maswali hayo mawili hayashindani. Mwandishi wa Ayubu (36:27–28) anazungumza juu ya matone ya maji yanayovutwa juu na kushuka kama mvua, na katika sentensi hizohizo anamsifu Mungu. Hakuona haja ya kuchagua. Dietrich Bonhoeffer, akiandika kutoka gereza la Tegel tarehe 29 Mei 1944 baada ya kusoma kitabu cha mwanafizikia Weizsäcker, alionya tusimtumie Mungu kuziba mapengo ya ujuzi wetu, kwa sababu kila ujuzi unapokua, Mungu wa namna hiyo husogezwa nyuma. Alisema tumtafute Mungu katika yale tunayoyajua. Onyo hilo kwa kawaida hujadiliwa katika somo la theolojia ya nyakati hizi, nami naona mahali pake pa kwanza ni jikoni, mtoto anapouliza mvua inatoka wapi. Mwonyeshe kifuniko cha sufuria kilichojaa matone. Kisha, wakati wa sala ya jioni, mshukuruni Mungu kwa mvua. Hilo la pili ni ungamo, na lina nguvu zaidi likitoka katika kinywa kilichopewa jibu la kwanza.

Mtoto ambaye nyumbani aliambiwa kwamba swali ni ukosefu wa imani atafika kidato cha kwanza au cha pili akutane na mwalimu wa biolojia. Hapo atadhani kwamba hana budi kuchagua. Wengine humchagua mwalimu na kuacha kanisa kimyakimya. Wengine huchagua kanisa na kuogopa somo. Wachungaji huwaona wote wawili, lakini mara nyingi hawajui jambo hilo lilianzia wapi. Baadhi ya vitabu vya kufundishia nyumbani vinavyotufikia kama zawadi kutoka ng'ambo huongeza ugumu, kwa kuwa huifanya sura ya kwanza ya Mwanzo kuwa kitabu cha jiolojia na kumfundisha mtoto kuwashuku wanasayansi kabla hajawahi kutazama jiwe. Zawadi ipokelewe kwa shukrani, picha zake zitumike, na mchungaji asome kurasa zilizobaki kabla ya kuzigawa.

Liko jambo zito zaidi. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotumika mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na samadi. Katika miaka ya 2007 na 2008 taifa lilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyofanywa na waliotafuta viungo vyao kwa ajili ya ushirikina. Tumehubiri juu ya mambo hayo, na ilikuwa haki kuhubiri. Lakini waliofanya hayo walikuwa watoto wa miaka mitano wakati fulani, na baadhi yao, twaweza kudhani, katika sharika zetu. Mtoto anaweza kuonyeshwa jinsi macho ya mama yake yanavyowasha na kutoka machozi akipuliza moto, na kuulizwa: je, akipika hivyo kwa miaka 50 yatakuwaje? Anaweza kuonyeshwa sungura. Sungura wawili wa rangi ya kijivu wanaweza kuzaa mtoto mweupe mwenye macho mekundu, kwa sababu kila mzazi alibeba urithi huo ndani yake bila kuonekana, na mtoto akaupokea pande zote mbili. Ualbino wa binadamu hurithiwa kwa namna hiyohiyo. Mtoto aliyemlisha sungura huyo majani kwa mkono wake ana la kuwajibu wenzake watakapomwambia kwamba mtu wa namna hiyo si mtu bali ni zimwi.

Mzazi atasema: mimi sikusoma sayansi, nitajibu nini? Si lazima ajibu. Kurasa za nyuma za daftari la viumbe ziachwe kwa maswali yaliyokosa jibu, yakiandikwa kwa maneno ya mtoto pamoja na tarehe. Mchungaji anapozitembelea nyumba, aombe kuonyeshwa kurasa hizo. Usharika wowote una mwalimu wa sekondari, au muuguzi wa zahanati, au bwana shamba, na watu hao kwa kawaida huombwa michango tu. Wanaweza pia kuombwa waketi na watoto nusu saa baada ya ibada, chini ya mti, daftari likiwa wazi.